Miaka Hamsini Ndani ya Mwaka Mmoja

Rukia mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumesalimiana asubuhi hii hii, na baada ya muda kidogo utaingia mlangoni na mama yako mkiwa na mifuko ya dukani. Barua za namna hii watu huziandika usiku, nyumba ikiwa imelala. Mimi usiku nalala. Naandika mchana, kwenye meza ya jikoni, na jirani wa juu anaburuza viti kama kawaida yake ya Jumamosi. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua unakisoma polepole, unapitisha kidole chini ya mstari, na hiyo ndiyo faida yake: hutaweza kuipitia haraka haraka ukaikunja. Isome usiku huu, kabla ya safari ya kesho ya chuoni Halifax; kwa mwendo wako wa kusoma, usiku mmoja utatosha.

Mambo ya koti la baridi, ya kula vizuri na ya kupiga simu kila Jumapili, mama yako ameyasema mpaka kuta zimeyakariri. Siyarudii. Mimi nina jambo moja. Jana jioni nilipita kwenye korido, mlango wako ukiwa wazi, nikaona sanduku limefunguliwa na wewe unatoa nguo badala ya kutia. Mama yako alikuwa ameketi kitandani. Ukamwambia, "Mama, maybe nisiende kwanza. Kile kikohozi cha Baba, I don't like it." Mama yako akakujibu kwamba uamuzi ni wako. Mwaka jana uliahirisha hivyo hivyo, kwa ajili ya kikohozi ambacho daktari alikiita nimonia ya kawaida na kikaisha kwa dawa za kawaida. Chuo kilikushikia nafasi mara moja. Walishakuambia kwamba hawatakushikia tena. Kwa hiyo kesho ama unaondoka ama huondoki kabisa, na sababu ya kutoondoka ni mimi. Sitaki kuwa sababu yako, na ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Kilichonipata kazini unakijua kwa namna watoto wanavyoyajua mambo ya nyumbani, vipande vipande, vingine kwa mama, vingine kwenye kompyuta. Hujawahi kukisikia kwangu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa sina hamu ya kukieleza. Wala leo sina hamu, ila leo kuna sababu.

Nilikuja nchi hii nikiwa fundi wa mabomba ya mvuke. Nyumbani nilifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari. Tulipofika Toronto tulikaa St. James Town, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya juu kabisa, na mimi nikabeba maboksi ghalani kwa miaka kadhaa mpaka vyeti vyangu vilipokubaliwa na chama cha mafundi. Halafu nikapata kandarasi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka mjini. Nilikuwa nalala huko wiki nzima na kurudi Ijumaa. Mshahara ule ndio uliotuhamishia hapa North York, na ndio uliokupa chumba chako mwenyewe. Ulikuwa na umri wa miaka minane au tisa, ukakimbia humo ndani ukafunga mlango na kuufungua mara nyingi, kwa raha ya kuwa na mlango.

Mtambo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo makubwa. Kazi ya kikosi chetu ilikuwa kukata mabomba ya zamani na kusaga ncha zake ziwe laini, ili mapya yaje kuunganishwa. Chuma kikisagwa kinatoa vumbi, hilo kila fundi analijua. Wapimaji wa mionzi walipita na vyombo vyao, na kila mmoja wetu alivaa beji kifuani ya kurekodi mionzi inayompata. Vyombo havikulia. Beji zilisoma kidogo tu. Tukaambiwa barakoa si lazima, na kwa joto la mle ndani hakuna mtu anayevaa kitu ambacho si lazima. Baada ya wiki kadhaa ndipo mtu mmoja alipochukua lile vumbi na kulipima kwa njia nyingine. Ikaonekana kwamba ndani ya mabomba yale kulikuwa na mabaki ya urani inayoendesha mtambo, iliyovuja miaka mingi nyuma, na ndani ya mabaki hayo mlikuwa na plutoniamu.

Ulishasoma habari zake, tena zaidi yangu. Lakini nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Plutoniamu ikiwa nje ya mwili haina ubabe. Mionzi yake haipenyi hata ngozi, na karatasi hii ninayoandikia ingeizuia, ndiyo sababu vyombo na beji havikuiona. Ukiivuta na pumzi ikakaa mapafuni, hapo hakuna karatasi. Inakaa humo, na kidogo kidogo inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye mifupa na ini na kukaa huko nako. Sehemu ndogo mno inatoka kila siku kwa haja ndogo. Kwa watu wa vipimo, hiyo sehemu ndogo ndiyo habari karibu yote wanayoipata kutoka ndani.

Ndipo tukagawiwa chupa. Chupa kubwa za plastiki ndani ya boksi, na maelekezo kwamba tukusanye haja ndogo yote kuanzia asubuhi ya siku moja mpaka asubuhi ya pili, bila kuacha hata tone. Kulikuwa na chombo kingine cha ile haja nyingine, ambacho sitakieleza kwa kuwa mimi ni baba yako. Mama yako alisafisha choo siku ile mpaka mikono ikababuka.

Chupa zilipelekwa maabara, na majibu ya maabara yakapelekwa kwa mkadiriaji wa dozi. Dozi ndiyo kiasi cha mionzi ambacho mwili umepokea na utakachoendelea kupokea. Mkadiriaji wangu alikuwa Bi Shirin. Umewahi kumwona mara moja, yule mama wa Kiismailia mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekupa biskuti. Alizaliwa Upanga, Dar es Salaam, akaletwa huku na wazazi wake akiwa msichana. Kiswahili chake ni cha Dar ya zamani, hakina neno hata moja la siku hizi. Aliposikia jina langu na lafudhi yangu kwenye simu aliacha Kiingereza papo hapo, na tangu siku ile hatukukirudia.

Alinieleza kazi yake kwa subira. "Kaka Athumani, chupa hainiambii umevuta kiasi gani," alisema. "Inaniambia umetoa kiasi gani siku moja. Mimi narudi nyuma, kutoka chupa mpaka pumzi." Ili kurudi nyuma alihitaji kujua nilivuta lini, na hakuna aliyejua, maana tulisaga kwa wiki nyingi. Alihitaji kujua punje za vumbi zilikuwa na ukubwa gani, na zinayeyuka upesi au taratibu zikiwa mapafuni. Kila jibu lilibadilisha hesabu, na majibu mengi yalikuwa ya kudhani. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba fundi akikadiria hivyo, bomba linapasuka na mtu anaungua. Hakuudhika. Alisema atanipa namba moja, pia atanionyesha inaweza kushuka mpaka wapi na kupanda mpaka wapi, na kwamba mtu atakayenipa namba moja bila mipaka yake nisimwamini. Wakati ule nilimwona ni mtu wa kukwepa. Sasa naona ndiye mtu pekee katika habari hii aliyeniambia asichokijua.

Sasa nikufikishe kwenye chupa ya kwanza. Siku yangu ya kukusanya iliangukia hitima ya mama yake rafiki yangu Kombo, kule Vaughan. Ulikuwepo. Tulikwenda wote watatu, mama yako amebeba sufuria mbili za pilau kwenye buti ya gari, na chupa yangu ikiwa kwenye mfuko pembeni ya sufuria. Tulikaa muda mrefu. Kisomo, chakula, mazungumzo, kisomo tena. Nilikwenda msalani zaidi ya mara moja. Kila mara ilinipasa niende kwenye gari, nichukue chupa, nipite nayo katikati ya waliofiwa, niingie nayo kwenye choo cha watu, nitoke nayo na uzito wake, niirudishe kwenye buti karibu na chakula. Najisi, ndani ya nyumba ya msiba, siku ya kisomo. Sikuweza. Nilikwenda msalani kama watu wengine wanavyokwenda, nikanawa, nikarudi mkekani. Tulipofika nyumbani nikaendelea na chupa kana kwamba hakukuwa na pengo.

Bi Shirin alinipigia kwa sababu chupa ilikuwa na kidogo. Akaniuliza, "Ulikusanya yote? Hata ulipotoka nyumbani?" Nikamwambia yote. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayenishikia mlango nipite. Nikamwambia mimi sinywi maji mengi. Nimefikiri sana kuhusu jibu lile, na ninachoamini ni kwamba angeniuliza kwa Kiingereza ningemwambia ukweli. Kwa Kiingereza mkojo ni kitu cha maabara. Kwa Kiswahili ilikuwa mimi, mtu mzima, namweleza mwanamke wa heshima kutoka kwetu habari za msalani kwangu.

Namba ikatoka ndogo. Nikafurahi, mama yako akafurahi, nikarudi kazini kwenye mabomba yale yale, safari hii na barakoa. Kisha ikaja zamu ya chupa nyingine, na nyingine. Plutoniamu ya aina ile, ukiitazama kwenye mkojo mwezi hadi mwezi, inatakiwa ishuke taratibu au ikae palepale. Ya kwangu ilipanda. Bi Shirin akaniita ofisini kwake, akaweka mchoro mezani, alama ya kwanza iko chini na nyingine ziko juu. Hakunilaumu. Alisema ama maabara imekosea, ama chupa ya kwanza haikukamilika, ama nimevuta vumbi jingine, maana yake barakoa hazifanyi kazi na itabidi kikosi kizima kitolewe kazini leo hii. Akausogeza mchoro upande wangu. Nikafikiria wenzangu na wake zao. Nikamwambia habari ya hitima.

Alivua miwani, akacheka kidogo, kicheko kisicho na dharau. "Marehemu baba yangu angefanya vile vile," alisema. Halafu akavaa miwani akaanza hesabu upya. Namba ilikaribia kuwa mara mbili ya ile ya mwanzo. Ilikuwa chini ya kikomo cha mwaka cha mfanyakazi wa nyuklia, ila si mbali nacho. Ningesema mapema ningeondolewa kwenye vumbi mapema. Kama muda ule wa katikati uliniongezea kitu, hakuna anayejua, hata yeye.

Siku hiyo hiyo ndiyo aliyonieleza jambo ambalo nataka ulielewe vizuri, kwa sababu barua yote hii imekuja kwa ajili yake. Nilimuuliza namba ile ni ya siku ngapi. Akasema ni ya miaka hamsini. Mionzi ya nje inakupiga ikapita, lakini hii iliyoingia itaendelea kunipiga kidogo kidogo maisha yangu yote. Kwa hiyo wao wanajumlisha yale yote nitakayopokea kwa miaka hamsini ijayo, halafu wanayaandika yote kwenye ule mwaka mmoja niliovuta.

Nikamuuliza kwa nini, wakati mwili utayapokea polepole.

"Ni namna ya kuweka hesabu tu," alisema. "Mwaka mmoja unabeba, mingine inabaki huru. Mwili wenyewe haujui habari hizo, kaka. Wewe usizichukue nyumbani."

Nilizichukua nyumbani. Nilifanya kama wao, nikauandika woga wote wa miaka hamsini kwenye mwaka ule. Nilikufa kila aina ya kifo. Jumatatu nilikufa kwa mapafu, Alhamisi kwa mifupa, nikiumwa jino nilijua ni ini. Nilimwona mama yako mjane, nikakuozesha bila baba, nikachagua hata watakaonibeba. Mwaka ukaisha, na mimi nikawa nimemaliza kila kitu. Sikubaki na woga, ila na vingine vyote sikubaki navyo. Ganzi. Shangazi yako alipopiga simu kusema bibi yako amefariki, nilisema Innalillahi, nikauliza watazika saa ngapi, nikarudi kumenya viazi. Mama yako alisimama kwenye mlango wa jikoni akinitazama. Nilimaliza viazi vyote. Ulipopata zawadi shuleni nilipiga makofi kwa sababu watu walikuwa wanapiga. Sikuandikii ili unihurumie, naandika jinsi ilivyokuwa, na kwa sehemu kubwa jinsi ilivyo.

Sasa hili ndilo ninaloonea aibu kuliko chupa. Unakumbuka Ijumaa tulikuwa tunakula kwenye sinia moja. Nilikuwa nafika kutoka safari, mama yako ametandika mkeka sebuleni, wewe unakaa katikati yetu na unanichotea nyama upande wako unaniwekea upande wangu. Mwaka ule niliacha. Nilichukua sahani yangu nikakaa kwenye kiti, na usiku nikahamia kwenye kochi. Bi Shirin alikuwa ameniambia waziwazi kwamba kitu hiki hakiambukizi, hakipiti kwenye mkono wala kwenye chakula, kwamba ningeweza kukaa sinia moja na mtoto wangu mpaka azeeke. Nilimwelewa. Mimi si mjinga. Lakini nilijiona kama yale mabomba, na sikutaka mkono wako uguse ninapogusa.

Ijumaa moja uliinuka mkekani, ukachukua sahani yako, ukaja kusimama karibu na kiti changu ili ule na mimi. Nikakuambia, "Rudi ukakae na mama yako." Ulirudi. Ukamuuliza mama yako kwa Kiingereza, ukidhani sisikii, "Is Baba mad at me?" Akakujibu kwamba Baba amechoka. Niliendelea kula. Hukuja tena na sahani, na mwaka ule ulipopita, woga ulipokwisha, hakukuwa na kitu cha kunizuia kurudi chini. Nilikuwa nimeshazoea kiti. Mama yako akaacha kutandika mkeka, tukawa watu wa mezani, na wewe ukawa mtoto anayejibu kwa neno moja. Mambo hayo yote yalitokea wakati kwenye mwili wangu hakuna kilichoharibika ambacho daktari yeyote aliweza kukiona.

Halafu ukakua, ukasoma. Ulikuwa kidato kile mnachoanza kemia, ukakutana na plutoniamu kitabuni, ukarudi nyumbani macho mekundu, ukaniletea maji. Tangu siku ile ukawa mlinzi wangu. Nilikuwa nikilala mchana kwenye kochi, unakuja kusimama karibu kutazama kama kifua kinapanda. Nilikuwa macho, Rukia. Nilikuachia usimame. Ukaacha kuogelea na wenzako, ukaanza kumuuliza mama yako kila asubuhi jinsi nilivyokohoa. Mtoto niliyemfukuza kwenye kiti akageuka kuwa anayehesabu pumzi zangu, na mimi nikaona ni sawa, kwa sababu kwangu kila kitu kilikuwa sawa tu.

Kwa hiyo nakuambia kuhusu kikohozi hiki. Jumanne nilikwenda kwa daktari bila kuwaambia. Alisikiliza, akanipiga picha ya kifua, akasema haoni cha kumtisha, nirudi baada ya wiki chache. Hilo ndilo lote alilosema, silipunguzi wala siliongezi, nimeshajifunza gharama ya kupunguza. Inawezekana ni kifua tu cha mzee aliyesaga vyuma na kuvuta sigara ujanani. Inawezekana ni mwanzo wa jambo. Na hata likija jambo, hakuna daktari atakayeweza kukuambia kwa hakika kwamba limetoka kwenye vumbi lile. Makadirio yote ya Bi Shirin yanaishia kusema kwamba uwezekano wangu wa kuugua saratani umeongezeka kidogo. Kidogo, basi. Nimekaa na neno hilo kwa miaka yote hii na halijawahi kuwa kubwa wala dogo zaidi.

Ila wewe umelichukua ukafanya kile nilichofanya mimi. Unachukua kifo changu ambacho hakijafika, unakiandika chote kwenye mwaka wako huu. Mwaka jana ulikiandika, mwaka huu unataka kukiandika tena. Ungekuwa unakipunguza kwa kufanya hivyo ningekuelewa. Hukipunguzi. Mimi nilikaa ndani ya woga wangu mwaka mzima na sikutoa hata punje moja mapafuni, nilichotoa ni wewe kwenye sinia. Ukibaki hapa utanitazama nikikohoa mpaka utakapozoea, na kuzoea ndiko kunakonitisha, maana najua mtu anavyokuwa akishazoea. Atakuwa na huruma, atakuwa na adabu, atanawa vyombo. Hatakuwa na kitu kingine.

Naanza kuhutubia, naona. Nilimwahidi mama yako sitahutubia.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ni la leo. Ulipokuwa bafuni nikaingia chumbani kwako. Nguo ulizotoa jana zilikuwa kitandani. Nikazikunja nikazirudisha sandukuni, moja moja, vibaya, utaona makunyanzi. Mama yako alikuwa na wasiwasi kwamba sanduku litazidi uzito wa ndege, nikaleta mizani, nikasimama juu yake nimelibeba kifuani, kisha nikajipima peke yangu nikatoa uzito wangu. Halikuzidi. Nikalifunga zipu, nikalibeba mpaka mlangoni, nikaliweka.

Hapo kitu kikanibana kifuani. Si kikohozi, kilikuwa ndani zaidi, upande wa kushoto, nikashindwa kusimama nikakaa chini pale pale kwenye viatu. Niliwaza kwamba ndiyo hiyo imefika. Niliwaza kwa utulivu kabisa, hata nikawaza nani atakuambia na wewe uko bafuni. Nikangoja. Pumzi zilikuwa nzuri, moyo ulikuwa unapiga vizuri. Nikasikia unaimba huko ndani, na kule kubana kukaongezeka, na uso wangu ukalowa. Ndipo nikaelewa kwamba siumwi. Nilikuwa na huzuni kwa sababu unaondoka. Huzuni ya kawaida, Rukia, ile ya kila mzazi, nilikuwa nimesahau inavyokuwa na inakaa wapi.

Bado ipo ninapoandika. Inauma kweli kweli, na sijui itachukua muda gani. Ukibaki itaondoka leo hii, nami nitarudi kuwa yule wa viazi. Tafadhali usiniondolee. Nenda kesho, mwanangu, uniache ninaumwa hivi.

Baba yako